Mwari, Shetani na Merikebu ya Makaa

Mashariki ya London, katika mtaa wa Wapping, ipo baa kongwe iliyosimama ukingoni kabisa mwa mto Thames, hata maji yakijaa hupiga ukuta wake wa nyuma. Huhesabiwa kuwa ilianza mwaka 1520 au karibu na hapo, zama za Mfalme Henry wa Nane. Katika umri huo wa karne tano imeitwa kwa majina matatu. Kwanza ilikuwa Pelican, yaani mwari, yule ndege wa majini mwenye mfuko chini ya mdomo. Kisha watu wakaiita Devil's Tavern, Baa ya Shetani. Na ilipoungua moto ikajengwa upya, ikawa Prospect of Whitby, jina ambalo limebaki juu ya mlango wake hadi leo.

Msomaji wa visiwani, hasa yule asiyetia kileo kinywani, ana haki ya kuuliza amefuata nini mlangoni pa nyumba kama hiyo. Amefuata swali ambalo linamhusu na yeye pia. Jina ni mali ya nani? Ni la anayeitwa, la wanaomwita, au la yule aliyelipia ubao na rangi? Na mtu, au nyumba, au nchi, ikibadili jina baada ya kutenda mabaya, huwa imetubu au imejificha?

Jina la kwanza halina kesi. Nyumba za vinywaji za Uingereza ziliwekewa alama za wanyama, ndege na taji ili wasiojua kusoma wapate kuzitambua, na mwari alikuwa mmoja katika ndege hao. Kiswahili lakini kinalitia jina hilo mzaha ambao Waingereza hawaujui, kwani kwa lugha hii mwari ni ndege na mwari ni binti aliyewekwa ndani akifundwa. Mwari aliyeishia kuwa Shetani! Mtunzi wa mashairi akipewa vina hivyo hatalala usiku.

Jina la pili ndilo lenye uzito. Hakuna mwenye baa aliyeamka asubuhi akaamua kuiita nyumba yake ya Shetani. Jina hilo lilikuja kwa midomo ya watu, kwa sababu ya wateja walioingia humo: mabaharia waliokwisha kulipwa mishahara, wachukuzi wa mali ya magendo, wezi wa mizigo ya mtoni, na wale waliowavizia wote hao. Hii ni lakabu, na lakabu haiandikwi na mwenyewe. Majirani huitoa, na majirani ni mashahidi. Waliolala huku wakisikia makelele ya usiku, na wakaamka wakaona aliyepigwa amelala ngazini, walikuwa na haki ya kusema walichokijua. Kwa maana hiyo Baa ya Shetani lilikuwa jina la kweli kuliko Mwari, maana Mwari lilisema tu kilichochorwa ubaoni, na lile la pili likasema kilichotendeka ndani.

Hata hivyo shahidi huyu hakuapishwa. Lakabu haichagui; baharia mnyofu aliyeingia kula mkate na samaki, kisha akarudi merikebuni kwake, naye aliitwa mgeni wa Shetani. Mwanamke aliyeosha sakafu humo ili alishe wanawe aliitwa mtumishi wa Shetani. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwani wamelelewa katika kukatazwa kuitana kwa majina mabaya, na wanajua kuwa katazo hilo halikuwekwa kwa sababu majina mabaya ni ya uongo siku zote. Mara nyingi ni ya kweli. Ubaya wake ni kuwa yanamfunga aliyekosa asipate njia ya kutoka katika kosa lake, na wanaomzunguka wakafungwa pamoja naye.

Si mbali na baa hiyo lilikuwepo gati lililoitwa Execution Dock, Gati la Kunyongea. Hapo mahakama ya mambo ya bahari iliwanyonga maharamia kwa zaidi ya miaka mia tatu, na walionyongwa mwisho walinyongwa mwaka 1830. Mti wa kunyongea ulisimikwa pwani, chini ya alama ya maji makuu, kwa kuwa mamlaka ya mahakama ile ilianzia pale maji yanapofika. Ilikuwa desturi maiti kuachwa hadi maji yajae na kupwa mara tatu juu yake. Watu walikusanyika kutazama, wengine wakiwa ndani ya mashua. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba nyumba ambamo watu walilewa na kuibiana iliitwa ya Shetani, na mahali ambapo watu walikabwa roho mbele ya watoto hapakupata lakabu yoyote. Paliitwa tu kwa kazi yake. Huenda watu hawathubutu kuipanga majina serikali.

Mashuhuri zaidi katika walionyongwa hapo ni William Kidd, tarehe 23 Mei 1701. Kamba ya kwanza ilikatika, akaanguka akiwa hai, akapandishwa tena. Mwili wake ukaja kutundikwa huko Tilbury, karibu na mdomo wa mto, ili kila merikebu iingiayo na itokayo iuone. Habari za mtu huyu zinawagusa watu wa bahari hii kwa njia iliyo wazi, maana kabla ya kuitwa haramia alikuwa na hati ya mfalme wa Uingereza mfukoni. Aliondoka mwaka 1696 akitumwa kuwawinda maharamia, na mwaka 1697 merikebu yake ilikuwa katika visiwa vya Ngazija na jirani zake, ikitengenezwa Mwali, na mabaharia wake wengi wakafa huko kwa maradhi. Huyo huyo, kwa merikebu ile ile na mizinga ile ile, alikuwa mtumishi wa mfalme mwaka huu na haramia mwaka wa pili. Kilichobadilika kwanza ni matendo yake au jina lake? Mahakama ya London ilisema matendo. Yeye alisema hadi mwisho kwamba waliomtuma walimwacha. Mwanafalsafa anaweza kukaa na swali hilo siku nzima; mnyongaji hakukaa nalo hata saa moja.

Katika vitabu vya safari vya Waingereza wa zama hizo, kisiwa cha Nzwani hakiitwi Nzwani. Kinaitwa Johanna. Merikebu nyingi za Kiingereza zilizokwenda Bara Hindi zilipita hapo kuchukua maji, matunda na ng'ombe, na kwa muda mrefu ramani ziliandika Johanna kana kwamba kisiwa kilizaliwa nalo. Wafaransa nao wakaandika Anjouan. Wenyewe hawakubishana na mtu. Waliwauzia wageni maji na machungwa, wakaitika kwa jina la wageni pale gatini, kisha wakapanda nyumbani wakaendelea kuitana Wanzwani. Leo Johanna ni neno la kutafutwa katika vitabu vya zamani, na Nzwani lipo kinywani mwa mtoto anayetumwa dukani. Jina la kupachikwa halikuua jina la kuzaliwa, kwa sababu moja tu: waliolisema jina la kuzaliwa walibaki hai.

Sababu hiyo inafaa kushikwa vizuri, kwani itahitajika mbele.

Baa ya Shetani ikaungua. Moto katika mtaa uliojaa mbao, lami na kamba haukuwa jambo la ajabu. Inasemwa kuwa sakafu ya mawe ndiyo iliyosalia katika jengo la kale, na juu yake ikasimamishwa nyumba mpya. Hapo mara nyingi huletwa kisa cha merikebu ya Theseus kilichosimuliwa na Plutarch, ile ambayo Waathene waliibadilisha ubao mmoja mmoja, kisha wenye hekima wakabishana kama ni ile ile au la. Fundi yeyote wa majahazi angewajibu kwa kifupi: ikiwa ina nahodha yule yule, njia ile ile na deni lile lile, ni ile ile. Ni hilo deni ndilo linalosahauliwa katika madarasa ya falsafa. Nyumba mpya juu ya mawe ya zamani inarithi nini? Ikirithi wateja na leseni, kwa nini isirithi na lawama?

Mwenye nyumba hakutaka kurithi lawama, akatafuta jina jingine. Wakati huo merikebu moja iitwayo Prospect ilikuwa ikileta makaa ya mawe kutoka Newcastle na kufunga karibu na hapo. Ilikuwa imesajiliwa Whitby, bandari ya pwani ya Yorkshire, kaskazini mbali. Mji huo ulisifika kwa kuunda merikebu za makaa zilizo imara. Hata Endeavour, aliyosafiria Kapteni James Cook, iliundwa huko kwa kazi hiyo hiyo ya makaa kabla haijaenda kutafuta nchi. Watu waliagizana wakutane pale ilipofunga Prospect ya Whitby, na agizo la njia likageuka kuwa jina la nyumba. Ni jina zuri kwa unyonge wake. Halikuomba sifa kwa mfalme wala kwa jemadari. Liliazima jina la chombo chenye masizi, kilichofanya kazi yake kwa uaminifu na kuwapa moto watu wa mjini wakati wa baridi.

Mfasiri akilipata jina hili kwenye kitabu, aghalabu hupotea. Neno prospect lina maana ya mandhari na lina maana ya matarajio, basi ni rahisi kuandika Mandhari ya Whitby, na msomaji atawaza dirisha la baa ambalo kutoka kwake mji wa Whitby unaonekana. Hakuna mtu aliyewahi kuuona Whitby kutoka Wapping. Hata wateja wengi wa Kiingereza wa leo, wakikaa roshani kwa nyuma wakiutazama mto, hudhani jina linasifu kile wanachokiona. Merikebu imetoweka ndani ya jina lake yenyewe. Huu ni usahaulifu wa tatu: Mwari amesahauliwa na wengi, Shetani amebaki hadithi, na Prospect, ambayo jina lake linatamkwa kila siku, hakuna anayejua kuwa ilikuwa chombo cha baharini.

Basi je, kule kubadili jina kulikuwa toba au maficho? Jibu la haki lingesema toba hupimwa kwa mwenendo. Kama wezi walifukuzwa na mizani ikawa sawa, jina jipya lilistahili. Kama wezi walibaki na ubao ndio uliokwenda, jina jipya lilikuwa nguo safi juu ya mwili usiooga. Kwa muda mrefu ingewezekana kuiachia kesi hapo. Lakini ukingo wa Wapping ulibadilika. Gati za London zilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1960, merikebu zikahamia bandari za mbele, na maghala yakawa nyumba za watu wenye fedha. Watalii wakaanza kuja. Na hapo ndipo Prospect of Whitby ilipofanya jambo ambalo linaigeuza kesi yote: pwani, nyuma ya baa, ukasimamishwa mti wa kunyongea wenye kitanzi cha kamba, kumkumbuka Jaji Jeffreys ambaye hadithi za mtaa humtaja kama mteja wa nyumba ile. Jeffreys ndiye aliyewahukumu kifo mamia ya waasi wa Monmouth mwaka 1685. Mwaka 1688, mfalme wake alipokimbia, alikamatwa huko huko Wapping akiwa amevaa kama baharia, akafa akiwa mfungwa katika mnara wa London mwaka uliofuata. Mbele kidogo, katika miaka ya 1980, ghala la zamani lilifanywa baa na kupewa jina la Captain Kidd.

Hivyo nyumba iliyojitahidi kuikimbia lakabu ya Shetani sasa inaitafuta kwa kamba. Watu wa pwani husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa kibaya kimepata na mshahara. Ni vigumu kuwakasirikia vijana wanaopiga picha chini ya kitanzi kile. Hawamjui aliyenyongwa, na miaka mia mbili ni muda mrefu. Lakini kuna kitu hakikukaa sawa. Toba husema: nilitenda, sitarudia. Maficho husema: sikutenda. Kitanzi cha mapambo hakisemi lolote kati ya hayo. Kinasema: ilitendeka, na ilipendeza. Huo ni uongo ulio mbaya kuliko kufuta jina, maana kufuta huacha angalau nafasi tupu, na nafasi tupu mtu anaweza kuiuliza.

Ng'ambo ya mto, Rotherhithe, ipo baa nyingine ya ukingoni iliyopitia safari ya kinyume. Hapo iliwahi kuwepo nyumba iliyoitwa The Shippe, yaani Merikebu, ikaja kujengwa upya karne ya 18 na kuitwa Spread Eagle and Crown, Tai na Taji. Vita Kuu ya Pili iliiharibu, na ilipokarabatiwa, mwaka 1957, ikapewa jina Mayflower. Mwaka huo huo merikebu mpya, mfano wa ile ya kale, ilivuka Atlantiki kwenda Marekani, na dunia nzima ilikuwa ikiitaja. Uhusiano upo, haukubuniwa. Christopher Jones, nahodha wa Mayflower, alikuwa mkazi wa Rotherhithe. Merikebu yake iliondoka huko mwaka 1620 kabla ya kwenda kuchukua wahamiaji. Alirudi, akafa mwaka 1622, akazikwa katika kanisa la St Mary lililo hatua chache tu kutoka mlango wa baa. Merikebu yenyewe ilithaminiwa mwaka 1624 ikaonekana ni gofu, thamani yake pauni 128 na shilingi chache, kisha haikusikika tena. Ilikufa fukara. Utajiri wake wote ni wa jina, na ulikuja baadaye.

Mayflower si jina la uongo, wala si la ushahidi. Hakuna jirani aliyelitoa. Limechaguliwa, na aliyelichagua alijua nani atakuja kulitafuta. Lawama yake ni ndogo, na ingeweza kupuuzwa, lau jina hilo lisingebeba nyuma yake kuitwa upya kwa mahali pengine ambako uzito wake haukuwa wa utalii. Pale waliposhuka wale wahamiaji na kujenga mji walikuta mashamba yaliyokwisha kulimwa na kijiji kilichokuwa kitupu. Kijiji hicho kiliitwa Patuxet, cha watu wa jamii ya Wampanoag. Tauni iliyoletwa na merikebu za Wazungu ilikuwa imewamaliza katika miaka michache kabla ya 1620. Ramani ya Kapteni John Smith, iliyochapwa mwaka 1616, ilikuwa tayari imeshaandika hapo Plimouth. Kwa hiyo jina lilibadilishwa karatasini wakati wenyewe walikuwa wakingali hai au wanakata roho, na wao hawakuambiwa.

Alibaki mmoja mashuhuri, Tisquantum, ambaye Waingereza walimwita Squanto. Aliyaepuka maradhi kwa kuwa alitekwa mwaka 1614 akapelekwa Hispania kuuzwa, akafika London, na aliporudi mwaka 1619 alikuta kwao hakuna mtu. Alijua Kiingereza, akawa mkalimani wa wale wahamiaji, akawafundisha kupanda mahindi. Alikufa mwaka 1622, mwaka ule ule aliokufa nahodha Jones. Wanzwani walipoitwa Johanna walirudi majumbani wakaitana kwa jina lao. Tisquantum alipolitaja Patuxet, nani aliyeitika? Mkalimani huyu alijua lugha mbili, akawafasiria wageni habari za ardhi yake kwa jina walilolileta wao, na la kwao akabaki nalo peke yake mdomoni. Jina lake la Squanto linajulikana na kila mtoto wa Marekani. Hapo ndipo swali la nani mwenye jina linapoacha kuwa mzaha wa baa. Anayebadili jina la nyumba yake amebadili mali yake. Anayebadili jina la kitongoji ambacho wenyewe wapo, amewaudhi, na watamshinda kwa kuendelea kusema. Anayebadili jina la wafu amechukua kitu ambacho hakuna atakayemdai.

Si kubadili tu kunakopimwa hivyo, hata kubakisha. Ukitoka Wapping kuelekea magharibi kwa miguu unafika St Katharine Docks, gati lililofunguliwa mwaka 1828 baada ya maelfu ya watu kuhamishwa na nyumba zao kubomolewa. Katikati yake lipo jengo la karne ya 19 lenye mnara wa saa, na jina lake hadi leo ni Ivory House, Nyumba ya Pembe. Humo ziliwekwa pembe za ndovu zilizosafirishwa kutoka nchi za mbali, na Unguja ilikuwa moja katika masoko makubwa ya bidhaa hiyo. Leo ni makazi na maduka. Hakuna aliyelibadili jina, na kwa upande mmoja inafaa kushukuru. Kwa upande wa pili, jina linataja pembe na halitaji mabega. Waliozibeba kutoka bara hadi pwani, wengine wakiwa watumwa, wengine wapagazi wa ujira, hawamo katika herufi zile. Na aliyetazama orodha za bei za wafanyabiashara wa Unguja wa zama hizo hawezi kuwalaumu Waingereza peke yao.

Kule Prospect of Whitby kumebaki kitu kimoja ambacho wenye baa hawakukibadili, labda kwa sababu si chao. Pembeni mwa jengo kuna ujia mwembamba, na mwisho wake ngazi za mawe zinazoshuka mtoni. Zinaitwa Pelican Stairs, Ngazi za Mwari. Watu wa mashua waliendelea kuziita hivyo wakati nyumba ilipokuwa ya Shetani, na wakaendelea kuziita hivyo ilipokuwa ya merikebu ya makaa, na wao wenyewe sasa wamekwisha. Maji yakipwa, vidato vya chini hutokeza vikiwa na majani ya kijani ya mto, kisha matope, kisha vipande vya vyungu na mikono ya viko vya udongo ambavyo mabaharia walivitupa. Yakijaa, vidato hivyo hufunikwa kimoja kimoja hadi karibu na juu.